Jina Mgongoni mwa Picha

Najua mmeninunia. Wiki nzima mmebaki na Specioza kashika mkononi kitenge kilichofunika picha, kakivuta nusu, halafu mimi nikawakatia hadithi na kwenda zangu. Mama mmoja muuza dagaa pale Maswa alinidaka sokoni juzi, hakutaka hata salamu. "We mwandishi, hebu sema, aliona nini?" Nikamwambia asubiri gazeti kama wenzake.

Haya, gazeti hilo. Aliona mgongo.

Ndiyo, mgongo wa mwanamke. Picha kubwa kuliko mlango, imechorwa kwenye gunia la pamba lililokazwa kwenye fremu, maana Marcelo Bundala hachori juu ya kitu kingine. Mwanamke kageuka upande, uso hauonekani, mkono mmoja uko kiunoni, na tumbo limetangulia mbele. Mimba ile hata asiyejua sanaa aliiona.

Ukumbi ukapiga makofi. Specioza naye akapiga, tena kwa nguvu. Kwa nini asipige? Mchoraji ni mchumba wake. Jumamosi hii wanafunga ndoa, matangazo yameshasomwa kanisani, na gauni limetundikwa ukutani nyumbani kwa mama yake likimsubiri. Kwenye kuta zote za ukumbi ule kuna kazi za mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wake! Ukiwa na mchumba wa namna hiyo hapa Bariadi, hata soda unainywa kwa maringo.

Jengo lenyewe mnalijua. Lilikuwa ghala la ushirika. Tangu pamba iachiwe kila mwenye lori ainunue, ushirika umebaki jina, na ghala kalichukua tajiri Kasmiri, yule mnunuzi wa pamba wa shati la maua. Kalipaka chokaa, kaandika juu ya mlango NYUMBA YA PICHA, ili watalii wanaokwenda Serengeti wapitie hapa kwanza. Leo ndiyo siku ya kuifungua.

Basi Specioza akaendelea kupiga makofi, macho yake yakashuka taratibu hadi kwenye kibao kidogo chini ya picha.

Makofi yakamfia mikononi.

Kibao kiliandikwa maneno mawili: SHIJA WANGU.

Wewe unayenisoma uko Dar unasema, sasa hapo kuna nini? Jina tu. Subiri nikufundishe Kisukuma cha bure. Kwetu Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Awe wa kike, awe wa kiume, jina linamngoja tangu tumboni. Wakishapita Kulwa na Doto, anayefuata ni Shija tu, hana pa kukwepea.

Bwana Deogratias, msimamizi wa nyumba ile, hakuyajua hayo. Huyu kazaliwa Dar, kakulia Dar, na Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu ya "mwadila". Akajitokeza mbele na fimbo yake ya kuonyeshea, koo kalisafisha.

"Mgeni rasmi, mabibi na mabwana! Mnamwona hapa mwanamke wa Kisukuma, anaitwa Shija. Shija anatazama mbali, anawaza..."

Akina mama waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma wakaangua kicheko.

"Shija gani anayetazama mbali, baba?" akadakia Klementina, jirani yake Specioza, mwanamke ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa kifuniko. "Shija ndiye huyo aliye tumboni! Huyo aliyesimama ni mama yake."

"Ahaa," akasema Deogratias. "Kwa hiyo huyu mama tayari ana mapacha?"

"Lazima anao! Sasa sisi tunauliza, Kulwa na Doto wake wako wapi?"

Kicheko kikazidi. Kisha kikapungua. Kisha kikafa kabisa, kwa sababu macho ya ukumbi mzima yalikuwa yanashuka kwenye gauni la Specioza.

Kwenye gauni lile, upande wa kulia, aling'ang'ania mtoto wa kike. Upande wa kushoto, mwingine, sura ile ile, kaketi sakafuni analamba kizibo cha soda. Hao ndio Kulwa na Doto.

Hawakuzaliwa na Specioza. Ni watoto wa mdogo wake, Nancy. Watu waliambiwa baba yao ni dereva wa lori la pamba aliyepita Kiloleli msimu mmoja, akaelekea Mwanza, asirudi tena. Nancy alipowazaa hakuwa na hamu nao, na Specioza akawabeba. Yeye ndiye aliyewapa uji, yeye ndiye aliyekesha nao wakiugua. Wanamwita mayu, yaani mama. Nancy wanamwita Nancy.

"Mbona mnanitazama mimi?" Specioza akasema, akijitahidi kucheka. "Kwani Bariadi nzima mapacha ni hawa tu?"

Klementina mwenyewe alikuwa amegundua kwamba kaunguza mboga ya mtu.

Specioza akageuka. "Marcelo!"

Marcelo Bundala alikuwa amesimama karibu na mgeni rasmi, kavaa suti ya mtumba iliyomkaa vizuri, jasho limemjaa usoni. Unadhani alimfuata mchumba wake? Alimrukia Deogratias.

"Nilikwambia inaitwa Mavuno! Nani kakwambia uandike huo upuuzi?"

"Wewe mwenyewe, bwana," Deogratias akajitetea. "Mgongoni mwa picha umeandika kwa mkaa, Shija Wangu. Mimi nikaona Mavuno ni jina la kila mtu, hili ni tamu zaidi."

Specioza hakungoja amalize. Aliishika ile fremu kwa mikono yake miwili, akaichomoa ukutani, akaigeuza. Tajiri Kasmiri akapiga yowe, "Dada, taratibu, imeshapata mteja!" Specioza hakumsikia. Mgongoni mwa gunia, kwa mwandiko wa Marcelo ule wa kulalia kushoto, maneno yalikuwepo. Shija wangu.

"Shija wa nani, Marcelo?"

"Specioza, tusizungumzie hapa."

"Hapa hapa. Shija wa nani?"

"Ni jina la sanaa tu."

"Jina la sanaa? Na hiyo 'wangu' nayo ni ya sanaa?"

Sasa sikilizeni maajabu ya mtu aliyesoma. Marcelo alifumba macho kidogo, akavuta pumzi, na alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine. Akawageukia wageni, sauti imetulia.

"Ndugu zangu, huyu si mwanamke. Huyu ni ardhi ya Usukuma. Nyuma yetu tumepata misimu miwili ya mavuno mazuri inayofanana, hiyo ndiyo Kulwa na Doto. Sasa ardhi yetu ina mimba ya msimu wa tatu, msimu wa soko huria! Huyo ndiye Shija. Na nimesema wangu, kwa sababu kila mkulima aliyepo hapa atasema ni wake."

Mgeni rasmi akasimama. Akapiga makofi. Tajiri Kasmiri, kusikia soko huria linasifiwa, akapiga zaidi ya wote, na ukumbi mzima ukafuata. Akina mama wa nyuma wakatazamana wakiona haya. Kumbe ni pamba!

Na Specioza? Msomaji, usimcheke. Mtu anayependa anapotupiwa kamba hata kama ni ya katani mbovu ataishika. Moyo wake ukarudi mahali pake. Akaona aibu. Akaanza kuiinua picha airudishe ukutani, na midomo yake ilikuwa inatafuta namna ya kusema samahani mbele za watu.

Ndipo yule mtoto aliyekuwa sakafuni, Doto, akatoa kizibo mdomoni. Akanyoosha kidole kwenye picha.

"Nanchi," akasema.

"Nini, mama?" Specioza akamwinamia.

"Nanchi anaondoka."

Msomaji, Doto hakujua soko huria. Alijua mgongo. Tangu apate akili, mama yake mzazi alikuwa ni mtu anayeondoka, anayechukua kikapu chake na kugeuka. Mgongo ule alikuwa ameutazama zaidi kuliko alivyowahi kuutazama uso wa Nancy.

Chupa zikavunjika. Wote wakageukia mlango wa stoo. Nancy alikuwa amesimama pale, sinia ya soda imemponyoka, Fanta inatiririka hadi kwenye viatu vyake. Alikuwa amevaa lile sweta kubwa la mtumba ambalo hajalivua tangu Pasaka, na jua la Bariadi mnalijua.

Specioza akavuka ukumbi. Watu wakampisha wenyewe.

"Vua sweta."

"Dada, nina malaria. Nasikia baridi."

"Pole. Vua."

"Dada, watu wanatuangalia."

Specioza hakumvua. Aliupitisha mkono chini ya lile sweta, akauweka juu ya tumbo la mdogo wake, akatulia hivyo, wawili hao wakitazamana. Halafu akautoa mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Malaria yako imenipiga teke, Nancy."

Uwii! Akina mama wa nyuma wakasimama wote kwa pamoja. Mgeni rasmi akakumbuka kwamba ana kikao. Tajiri Kasmiri akamfokea Deogratias, "Piga muziki! Piga muziki, unangoja nini?" Redio kaseti ikaanza kupayuka, na watu wakabaki wamesimama bila kucheza, masikio yao yako stoo.

Kwa sababu huko ndiko Specioza alikokuwa amemsukumia Nancy. Marcelo akafuata, kichwa chini. Mapacha nao wakaingia wakiwa wameng'ang'ania gauni. Specioza akaurudishia mlango, na kabla hajaubana, mkono ukausukuma kutoka nje.

Alikuwa ni mama yao, mayu Kwandu.

Marcelo alipomwona tu aligeukia ukutani. Hiyo ni heshima ya kwetu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hawasimami chumba kimoja. Siku nyingine yoyote mayu Kwandu angerudi nyuma. Leo aliingia, akaufunga mlango kwa komeo, akakaa juu ya robota kuukuu la pamba.

"Mayu," Specioza akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Mayu, umeona walichonifanyia?"

"Nimeona, ng'wanone, mwanangu."

"Mdogo wangu! Wa tumbo moja! Mimi nalea watoto wake, nawafulia, nawanunulia viatu, kumbe nalea watoto wa mume wangu! Nami kila jioni namtuma... hapana, wewe ndiye uliyekuwa unamtuma kumpelekea Marcelo chakula. Tukimwonea huruma, eti anachora hajala! Jumamosi hakuna harusi. Nakuambia mbele yao. Hakuna!"

"Harusi ipo," akasema mayu Kwandu.

"Mayu, hukunisikia? Hawa watoto ni wa Marcelo!"

"Nimekusikia. Najua ni wa Marcelo. Nilijua kabla hawajazaliwa."

Muziki huko nje ulikuwa unapiga. Specioza alimtazama mama yake, akidhani labda kelele zimembadilishia maneno.

"Ulijua?"

"Kaa chini."

"Sikai. Ulijua, ukanyamaza?"

"Unakumbuka ulipopasuliwa tumbo hospitalini, tulipotoka kijijini Mwamanyili?"

"Tumbo langu linahusiana nini na uzinzi wa hawa? Nakumbuka. Ulikuwa uvimbe, wakautoa, nikapona."

"Ulipona," mama akasema. "Ulikuwa bado umelala, dawa haijakuisha. Daktari akaniita pembeni. Akaniambia uvimbe umeharibu mirija yote miwili, imebidi aitoe. Akaniambia, mama, huyu binti yako ataishi, lakini hatazaa. Akasema ukiamka nikuambie mimi mwenyewe, mzazi, itakuwa rahisi."

Specioza akauegemea mlango.

"Nikakaa kando ya kitanda chako mpaka ukaamka. Ukaniuliza, mayu, nimepona? Nikasema umepona. Ukasema Marcelo kaniletea machungwa? Nikaona nitakuambia kesho. Kesho yake nikasema kesho." Mayu Kwandu alikuwa anavuta nyuzi za pamba kwenye lile robota na kuzitupa. "Ulikuwa umeshaposwa. Ningekuambia wewe, ungemwambia yeye, maana wewe hujui kuficha. Ukoo wake wangekuja kuvunja posa asubuhi yake. Nani anaoa mwanamke asiyezaa? Ungebaki kwenye kona ya nyumba yangu mpaka unazeeka, watoto wa wenzio wakikuita shangazi. Nililia, Specioza. Halafu nikafikiri."

"Ukafikiri nini?"

"Nikamtuma Nancy. Nikamwambia, nenda ukamzalie dada yako."

Nancy aliketi chini pale pale alipokuwa, akafunika uso kwa mikono ya sweta.

"Kwa hiyo Marcelo," Specioza akasema polepole, "Marcelo anajua kwamba mimi sizai?"

"Nilijua," Marcelo akauambia ukuta. "Nancy aliniambia. Nilikubali kwa ajili yako, Specioza. Sikutaka kukuacha. Nililia usiku kucha."

"Ulilia?"

"Nililia sana."

"Maskini. Pole kwa kazi."

Msomaji, mimi nimeandika mengi, lakini hapa kalamu ilinigomea. Mtu akiibiwa hujua cha kufanya, hupiga kelele za mwizi. Sasa huyu kaibiwa na mama yake, na mama kamwibia ili ampe! Watu hao wote, nyumba nzima, walikuwa wanajua habari za tumbo lake, yeye peke yake ndiye hajui. Walikuwa wakimtazama anachagua majina ya watoto, wanamwitikia. Alipoona nguo ndogo za mitumba gulioni, akazinunua na kuziweka akiba, mama yake alimsaidia kuzikunja.

"Watoto hawa ni wako," mayu Kwandu akasema, na sasa alikuwa analia. "Ndiyo maana niliwaweka mikononi mwako siku ile ile. Ndiyo maana wanakuita mayu. Uolewe, uende nao kwa mumeo, damu yake na damu yetu, nani atakucheka? Siku moja ningekueleza yote. Nilitaka uwe na nyumba, ng'wanone. Hilo tu."

Specioza akawatazama watoto. Kulwa alikuwa amelaza kichwa kwenye paja lake, kachoka. Doto anachezea kifungo cha gauni. Akaiweka mikono yake juu ya vichwa vyao viwili, na mayu Kwandu aliona uso wake unalegea. Alikuwa amechanika moyo, lakini alikuwa anahesabu kama mwanamke anavyohesabu kilichobaki baada ya moto. Watoto wapo. Mume yupo. Mama kakosea, lakini kakosea akimtafutia yeye.

Marcelo alihisi kwamba moyo wake umelainika. Akageuka kutoka ukutani, akasahau hata heshima ya mkwe. "Specioza, tusameheane. Jumamosi ipo."

"Ngoja," akasema Specioza. "Mayu, nimekuelewa. Sijakusamehe, ila nimekuelewa. Ulitaka nipate mtoto, nikapata wawili." Akalinyooshea kidole sweta la Nancy. "Sasa na huyu aliye tumboni? Na huyu Shija naye ni wangu?"

Mayu Kwandu akaacha kuvuta nyuzi.

"Mayu, nakuuliza. Na kwa huyu pia ulimtuma Nancy?"

Mama akamtazama Nancy. Akamtazama Marcelo, uso kwa uso, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu alipomposa binti yake. Alionekana mzee ghafla.

"Yaya," akasema. "Hapana. Mara ile nilimtuma mimi. Kwa huyu sikumtuma."

Huko nje wimbo ulikuwa umeisha.

Nancy akasimama. Akaanza kufungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja, akalivua, akalitupa juu ya robota karibu na mama yake. Marcelo alimnyooshea mkono amsaidie kusimama vizuri, halafu akaona Specioza anamtazama, akaurudisha. Alichelewa kuurudisha.

"Mlinituma kama mtu anavyotumwa dukani," Nancy akasema. Hakuwa analia tena. "Nikazaa, mkachukua. Sikuulizwa. Sikuwataka kwa sababu niliambiwa nisiwazoee. Huyu hakuna aliyenituma, dada. Huyu ni wangu na Marcelo. Gauni lako la Jumamosi ukilitaka livae, lakini hutaingia nalo kwenye nyumba yangu."

"Chukua," Specioza akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Mchukue mwanamume wako. Simtaki."

"Simchukui yeye peke yake."

Nancy akapiga magoti sakafuni, na tumbo lake lile, na kwa mara ya kwanza tangu awazae, akawafungulia watoto mikono yake yote miwili.

"Njooni kwa mama," akasema.

Doto akaanza kulia, akajificha nyuma ya Specioza.

Kulwa aliinua kichwa kutoka kwenye lile paja. Akamtazama Specioza, akamtazama Nancy. Kisha akaliachia gauni, akaenda.